Gemu hufuata mfuko wa nani? Umri na pesa za wachezaji, ukitazama kutoka Tanga

Kila apdeti kubwa ikishuka, magrupu ya WhatsApp ya wachezaji wa Tanga huwaka moto siku mbili tatu. Gemu imeharibika. Bunduki tuliyoizoea imepunguzwa makali. Dukani kumejaa nguo za kung'aa lakini seva bado inagandisha. Wenye gemu hawatusikilizi. Hilo la mwisho ndilo lisilo kweli. Wanasikiliza sana, ila hawasikilizi maneno. Wanaangalia nani kaingia, kakaa muda gani, katoa shilingi ngapi, na anaonekana kuwa mtu wa umri gani. Ukivijua vinne hivyo, apdeti nyingi utazitabiri kabla hazijafika kwenye simu yako.

Tuanzie mtaani, maana mantiki yote unaikuta kwenye vibanda vya gemu vya Ngamiani na Makorora, hata bila intaneti.

Chukua kibanda chenye TV mbili, PlayStation mbili na pedi nne. Kuanzia saa tisa alasiri wanaingia watoto wa shule, na baadaye kidogo wale wanaotoka chuoni kwa maalim. Wana sarafu mkononi na wanalipa kwa mechi. Mwenye kibanda saa hizo anaweka kipindi cha mpira cha dakika 4, kwa sababu anachouza ni mechi: ikiwa fupi, sarafu zinazunguka haraka na waliopanga foleni nje hawakati tamaa. Baada ya Isha wanakuja wakubwa: wa bandarini, wa bajaji, mafundi. Hawa wanalipa kwa saa. Wanataka kipindi cha dakika 6 au zaidi, pedi ambayo kijiti chake hakijalegea kikamvuta mchezaji pembeni peke yake, na hawataki mtoto wa kuwapigia kelele mgongoni. Sasa mwisho wa mwezi imebaki hela ya kununua kitu kimoja. Kama pato kubwa limetoka usiku, zitanunuliwa pedi mpya. Kama limetoka mchana, itatafutwa TV ya tatu, hata kuukuu, ili foleni ipungue. Watoto ndio wengi, kila apitaye njia anawaona. Lakini uamuzi unafanywa na daftari, na daftari lina safu ya fedha, halina safu ya vichwa.

Gemu ya mtandaoni inaamua vivyo hivyo, ila daftari lake linajiandika lenyewe.

Tuweke hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, lakini umbo lake ndilo la gemu nyingi za bure. Gemu ndogo ina wachezaji 1,000 kwa mwezi. Kati yao 960 hawalipi chochote. Watu 30 wanatoa shilingi 2,000 kila mmoja, jumla 60,000. Watu 8 wanatoa 15,000, jumla 120,000. Watu 2 wanatoa 150,000 kila mmoja, jumla 300,000. Pato lote ni shilingi 480,000, na watu wawili peke yao wameleta asilimia 62 na nusu. Kabla hujaishika hiyo hela, duka la programu linakata chake: Google ilianza Julai 2021 kuchukua asilimia 15 kwenye dola milioni moja za kwanza za mwaka, na Apple ina mpango wa asilimia 15 kwa watengenezaji wadogo tangu Januari 2021, wakubwa wamezoea kukatwa asilimia 30. Kwa asilimia 15 unabaki na 408,000.

Sasa mmoja wa wale wawili akikasirika akaondoka, pengo lake ni 150,000. Ili kuliziba kwa watu wa shilingi 2,000, unahitaji wapya 75, na uliokuwa nao tangu mwanzo ni 30. Ndiyo maana mtu mmoja anayetoa pesa nyingi akilalamika kwamba gari lake jipya halikimbii vya kutosha, gari linaongezwa kasi wiki ijayo, na watu mia nne wakilalamika kuhusu kugandisha wanaambiwa wafute kashe wawashe simu upya.

Lakini pesa peke yake haitoshi kueleza. Hao wawili wana umri gani? Hapo ndipo gemu hugeuka njia.

Mtoto wa miaka 10 ana muda tele na hana pesa yake. Anayetaka ni mmoja, anayelipa ni mwingine. Gemu inayoishi kwa watoto hujengwa ili mtoto aende akaombe, na mtoto huomba kile ambacho wenzake wamekiona: nguo, begi, densi ya kuchezea juu ya mtu aliyeuawa, jina lenye rangi. Haombi seva nzuri. Roblox ndiyo mfano uliokomaa. Mwaka 2020 zaidi ya nusu ya watumiaji wake walikuwa chini ya miaka 13, na Robux, pesa ya ndani ya gemu hiyo, zilitumika kuvalisha mwanasesere na kununua vitu ndani ya michezo. Juni 2023 wakaruhusu michezo ya watu wa miaka 17 na kuendelea. Mimi sioni ajabu: mtoto aliyekuwa na miaka 12 alikuwa amekua, na mwenye gemu ana mawili, ama akue naye ama amwachie mwingine.

Kijana wa miaka 14 hadi 18 anataka kushinda na kuonekana ameshinda. Utafiti wa Quantic Foundry uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba hamu ya kushindana ndiyo inayoshuka zaidi kadiri umri unavyopanda. Huyu ndiye anayeishi kwenye ranki, na ndiye aliyeundiwa pasi ya msimu, tiketi unayoilipia mwanzoni kisha ukafungua zawadi zake kwa kucheza. Itazame pasi vizuri. Kwa misimu mingi ile ya Fortnite iliuzwa V-Bucks (sarafu ya gemu hiyo) 950, na ndani yake mlikuwa na V-Bucks 1,500 za kurudishiwa aliyeikamilisha. Ukiisoma haraka unadhani wanagawa pesa. Wanachonunua pale ni saa zako. Mwenye pesa kidogo na muda mwingi anatoa kidogo mara moja, kisha anaingia kila siku kufukuzia kazi za wiki ili asipoteze alichotanguliza. Kuingia kwake kila siku ndiko kunakomfanya yule mwenye pesa nyingi asikose mtu wa kucheza naye.

Mtu wa miaka 30 amegeuka juu chini: ana mshahara au biashara, hana muda. Huyu hununua kufupishiwa. Gemu ikianza kuweka kitufe cha kupigana yenyewe, tiketi za kuruka hatua uliyokwisha kuishinda, kazi za siku zilizopunguzwa kutoka kumi hadi nne, ujue wenye nayo wameona wateja wao wamezeeka. Clash of Clans ilitoka 2012, na jeshi lake lilikuwa la kusubiri na kulilipia kwa eliksa, mali ya ndani ya gemu hiyo. Mwaka 2022 gharama ya kufundisha askari ikaondolewa, na Machi 2025 muda wa kusubiri wenyewe ukafutwa. Aliyeanza akiwa kidato cha pili leo ana watoto. Hana nafasi ya kungoja askari waive.

Umri unaonekana hata kwenye sura za kadi. Fungua eFootball, gemu ya mpira ambayo wachezaji wake huuzwa kama kadi, uone nani anauzwa bei ghali: Beckham, Cruyff, watu ambao kijana wa leo wa kidato cha kwanza hakuwahi kuwaona wakicheza. Kijana yule anamtaka aliyemwona juzi kwenye Ligi ya Mabingwa. Kadi ya mkongwe imetengenezwa kwa mtu mzima mwenye kumbukumbu na salio. Na namna ya kuuza inajua hivyo. Sanduku likiwa na wachezaji 150, vigogo wakiwa 3, kuspini mara 10 kunakupa nafasi ya kama asilimia 19 ya kumpata angalau kigogo mmoja. Zidisha, usihisi: ni 140 × 139 × 138 ugawe kwa 150 × 149 × 148, unapata 0.81, ambayo ndiyo nafasi ya kutoka mikono mitupu. Uzuri wa sanduku la namna hii ni kwamba aliyetoka harudi ndani, kwa hiyo kila spini inapunguza idadi. Bahati nasibu isiyo na mwisho ni mbaya zaidi: nafasi ikiwa asilimia 1 kila mara, ukispini mara 100 bado kuna kama asilimia 37 ya kukosa kabisa. Watu wengi hudhani mia kwa mia.

Mambo yanapata utamu pale ambapo rika mbili, lenye muda na lenye pesa, zimo ndani ya gemu moja na zinagombana. Wapo walioligeuza gombano hilo kuwa soko. World of Warcraft ilianzisha tokeni yake Aprili 2015: mtu mwenye pesa ananunua tokeni kwa dola, anaiuza ndani ya gemu kwa dhahabu, na mwenye muda anayeichimba dhahabu ananunua tokeni hiyo ili apate siku 30 za uanachama bila kutoa senti. EVE Online ilikuwa imetangulia na tokeni yake, PLEX, na Old School RuneScape nayo ina bondi zake, moja kwa siku 14 za uanachama. Ajira inamlipia mwanafunzi, mwanafunzi anamchimbia aliyeajiriwa, na kampuni imeuza uanachama kwa bei ya juu kuliko kawaida, kwa sababu bondi na tokeni huwa ghali kidogo kuliko kulipia moja kwa moja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo mbinu safi kuliko zote katika biashara hii, kwa kuwa kila mtu anaona anachotoa na anachopata.

Old School RuneScape yenyewe ina funzo la pili. Novemba 2012 kampuni ya Jagex ilibadili namna ya kupigana kwenye RuneScape ili ifanane na gemu za kisasa. Wachezaji wa zamani, wengi wao wakiwa wamefikia umri wa kujilipia, wakaondoka. Februari 2013 Jagex ikafufua nakala ya Agosti 2007 iliyokuwa kwenye hifadhi, ikaifungua kama gemu ya pembeni, na ikakubali masharti: kitu kipya kinapigiwa kura na wanachama wanaolipa, na hakiingii bila asilimia 75, kiwango kilichoshushwa baadaye hadi 70. Tazama nani kapewa kura. Mwenye kulipia mwezi. Gemu ya uanachama haina mtu mmoja wa 150,000. Ina maelfu ya watu wanaolipa sawasawa, kwa hiyo kelele yao inahesabika kichwa kwa kichwa. Ukitaka kujua kama gemu itakusikiliza, acha kusoma wanavyoahidi, uliza wanalipwaje.

Sheria nayo ina mkono wake, na huingia kwa mlango wa umri. China tangu 2019 imepanga kiwango: chini ya miaka 8 hakuna kulipia, miaka 8 hadi 16, yuan 50 kwa manunuzi mamoja na 200 kwa mwezi, 16 hadi 18, yuan 100 na 400. Agosti 2021 wakaongeza la muda, saa moja tu, saa 2 hadi saa 3 usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ni panga butu, lakini lilihamisha watengenezaji wakubwa wa kule kwenda kutafuta wateja watu wazima na soko la nje. Marekani, Desemba 2022, Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520: milioni 275 kwa kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13, na milioni 245 za kuwarudishia watu waliokatwa pesa kwa vitufe vilivyowekwa kimtego, ambapo kubonyeza mara moja kulitosha kununua. Mwezi huo huo Epic ikaleta akaunti maalumu za watoto, ambazo kuzungumza na kununua vimefungwa mpaka mzazi aridhie. Januari 2025 wenye Genshin Impact nao wakakubali kulipa dola milioni 20 na kuzuiwa kuwauzia visanduku vya bahati walio chini ya miaka 16 bila idhini ya mzazi. Ubelgiji ilikwisha kusema 2018 kwamba visanduku hivyo ni kamari, na gemu kadhaa zikaviondoa nchini humo tu. Kwingine viliendelea kama kawaida.

Sasa sisi wa Tanga, kwenye daftari la hawa tunaonekanaje?

Kwanza, tunaonekana watu wazima. Laini ya mtoto imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha mzazi, akaunti ya Google ni ya mama, na mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa ni ule ulioruhusu gemu kufunguka. Mtoto wa Mabawa wa miaka 11 anahesabiwa mama wa miaka 38. Matokeo yake kinga za watoto hazimfikii, na matangazo anayoletewa ni ya mikopo na kubeti. Mzazi anayetaka hilo liishe afungue akaunti ya mtoto kwa Family Link, programu ya Google ya wazazi, aweke umri wa kweli, kisha aende kwenye mipangilio ya Play Store akachague kila ununuzi uthibitishwe. Dakika kumi zinatosha.

Pili, hatuna kadi za benki zilizohifadhiwa kwenye simu, na hapo tumesalimika. Mtego wa kitufe kimoja unategemea kadi iliyokwisha kuingizwa. Hapa malipo mengi yanapita kwenye pesa za simu, na namba ya siri inaulizwa kila mara. Mtoto hawezi kukosea akanunua. Inabidi awe anaijua namba ya siri ya mzazi (na wengi wanaijua, tusidanganyane).

Tatu, tunalipa kidogo kidogo. Kifurushi cha chini kikiwa bei ya bando la wiki, mchezaji wa hapa atachagua bando. Gemu ikiona eneo halilipi, inageuza kibao: inaleta tangazo la sekunde 30 la kutazama ili upate almasi (sarafu ya ndani ya gemu) mbili, na inaacha kuhangaika na seva. Seva ya karibu inabaki Afrika Kusini, Ghuba au Ulaya, na pingi yako, yaani muda wa amri yako kufika kwenye seva na kurudi, inabaki ilivyo. Kuweka seva Afrika Mashariki ni gharama ya kila mwezi, na mwenye kuidhinisha gharama hiyo anauliza eneo hili linaleta nini.

Hata hivyo asiyelipa si bure. Mechi ya Free Fire inahitaji watu 50 na inaisha kwa kama dakika 10. Ya PUBG Mobile inahitaji 100 na huenda nusu saa. Watu wasipotosha, gemu inajaza roboti, na anayelipa ili aonekane hapendi kuonekana na roboti. Kwa hiyo umati wa simu za bei nafuu lazima ubaki ndani. Ndiyo sababu Garena walipotoa Free Fire MAX yenye picha nzuri Septemba 2021 hawakuizika ile nyepesi. Waliwaacha wa simu zote mbili wakutane kwenye mechi moja. Dakika 10 nazo zinamfaa mtu wa bando la saa na wa simu inayochemka.

Kwa vijana wa hapa wanaotengeneza gemu zao ndogo, au wanaoendesha seva ya Minecraft ya wenzao, yafuatayo ndiyo ya kushika.

Usimwulize mchezaji tarehe ya kuzaliwa. Atadanganya, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Utakuwa umebeba mzigo usioujua. Umri usome kwa saa. Chora wanaoingia kwa kila saa ya siku, wiki nne. Mlima ukianza saa tisa alasiri na kuzama saa mbili usiku, una wanafunzi. Mlima ukiwa kati ya saa tatu na saa sita usiku, una wafanyakazi. Kisha linganisha na likizo za Juni na Desemba: idadi ikipanda asubuhi za likizo, jibu umelipata. Manunuzi nayo yanasema. Yakijikusanya siku za mwisho wa mwezi, ni mishahara. Yakijitawanya kwa vipande vya mia tano mia tano, tena yakaruka siku za sikukuu, ni pesa za kupewa.

Pima waliorudi siku ya 1, ya 7 na ya 30 tangu wajiunge, na ipime kila wiki ya waliojiunga peke yake. Kosa la kawaida ni kuchanganya wote. Ukiwachanganya, wazoefu wachache wanaoingia kila siku wanaficha kwamba wageni wote wa wiki iliyopita wamekimbia. Na ukitengeneza apdeti kwa kufuata wazoefu tu, gemu inazidi kuwa ngumu na ya ndani, mgeni anakuta vifungo arobaini, anafuta. Gemu nyingi hufa hivyo, polepole, pato likiwa bado linapanda, kwa sababu wachache waliobaki wanalipa zaidi kila mwezi.

Bei ipange kwa ngazi ambayo watu wako wanaweza kuikanyaga: ya kwanza shilingi 500, ya pili 2,000, ya tatu 10,000. Na kila kitu dukani kinunulike kwa kifurushi kizima bila mabaki. Kuuza almasi 100 huku nguo ikiwa 120 ni ujanja wa zamani wa kumlazimisha mtu anunue vifurushi viwili abaki na 80 zisizotosha kitu. Unafanya kazi, sikatai, lakini ni wizi wa adabu, na kwa wateja wenye pesa ya kuhesabu unakurudia: anayebaki na 80 zisizo na kazi mara mbili, ya tatu hanunui.

Nguvu usiuze kwa wanafunzi. Silaha inayoshinda ikiwa ya kununuliwa, kijana wa ranki ambaye hana pesa anaondoka na klani yake yote, watu kumi na tano kwa pigo moja, maana hawa huingia na kutoka kwa makundi. Wauzie cha kuonekana. Kwa watu wazima unaweza kuuza muda, lakini weka kikomo cha siku, la sivyo aliyenunua muda wote anamaliza gemu ndani ya wiki na kukuuliza kuna nini kipya.

Msimu wa pasi usiuanze Novemba kama wachezaji wako ni wa sekondari. Kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa na watakaporudi watakuta wamepitwa na nusu ya zawadi. Anza Desemba mwanzoni. Kidato cha sita huwakosi Juni, mtihani wao ni Mei. Darasa la saba ni Septemba. Ramadhani nayo isogeze: shindano la saa mbili usiku linagongana na tarawehe na hutapata mtu Chumbageni wala Ngamiani. Liweke saa nne na kuendelea, watu wako macho mpaka daku.

La mwisho ni wale wanaouza almasi kwenye magrupu kwa bei ya chini kuliko duka. Wapo waaminifu wanaonunua kwa jumla. Muuzaji wa kweli anahitaji namba ya mchezaji peke yake. Akiomba nywila au msimbo uliotumwa kwenye simu, anataka akaunti yako. Bei ikiwa chini mno, mara nyingi imelipiwa kwa kadi ya wizi. Mwenye kadi akigundua, benki inavuta pesa yake, gemu nayo inavuta almasi zake. Ukiwa umekwisha kuzitumia, salio linasoma hasi na akaunti inafungiwa mpaka ulipe, na muuzaji wakati huo namba yake haipatikani. Kwa hiyo omba risiti ya duka yenye namba ya muamala kabla hujatuma hela, na usikubali ile ya kupigwa picha kwenye simu nyingine.